Baba ana kansa ya kibofu, kaka anataka tuuze kiwanja tununue dawa za "antijeni"

Binti_Kwimba
Shikamooni wakubwa, wengine habari zenu. Baba ana miaka 67, mkulima wa mpunga. Alikojoa damu karibu mwaka mzima, sisi tukasema ni kichocho tu, maana kwa aliyekulia majarubani mkojo wa damu haumtishi mtu. Dawa za kichocho kameza mara mbili. Mwezi uliopita wakamwingiza kamera, wakakuta uvimbe kwenye kibofu. Wameukwangua na kinyama kimeenda maabara, tunasubiri majibu. Sasa kaka yupo Doha, kasoma kuhusu dawa zinazowinda "antijeni za uvimbe" na tayari ametafuta dalali wa kiwanja. Hizo dawa ni kweli? Tuuze?

Nesi_Mstaafu
Pole sana mwanangu. Dalali asubiri. Kwanza mjue mambo mawili: ni kansa ya aina gani, na imezama kiasi gani. Kichocho cha miaka mingi huleta zaidi ile ya skwamasi (ya seli bapa), na hiyo matibabu yake makubwa ni upasuaji. Ile ya urothelia, yaani ya seli za kawaida za utando wa ndani wa kibofu, ni habari nyingine. Baba anavuta sigara?

Binti_Kwimba
Aliacha 2015, mama. Alivuta sana.

Fundi_Maabara
Dawa ni za kweli. Chukulia kila seli imevaa beji, na askari wa kinga ya mwili wanazikagua. Antijeni ya uvimbe ni beji ambayo kansa imeivaa kupita kiasi. Kwenye urothelia inayosemwa sana ni nektini-4. Dawa ya enfortumabu vedotini ni kingamwili inayoishika beji hiyo huku imebeba sumu, ikimezwa na seli sumu inafunguka humo ndani. Marekani waliiruhusu Desemba 2019. Baadaye ikachanganywa na pembrolizumabu, inayoachia breki za kinga, ikajaribiwa kwenye utafiti wa wagonjwa 886: nusu ya waliopewa mchanganyiko huo waliishi zaidi ya miezi 31.5, wakati kwa waliopewa kemo (tibakemikali) ya kawaida ilikuwa 16.1. Ila hao kansa yao ilikuwa imesambaa au haikatiki tena. Sijui kama kaka alifika aya hiyo.

Na beji haziko kwa kansa peke yake. Nektini-4 ipo hata kwenye ngozi, ndiyo maana dawa hiyo huleta vipele, wengine vibaya sana. Mwaka 2013 iliripotiwa wagonjwa wawili (si wa kibofu) waliopewa seli za kinga zilizofundishwa kuwinda antijeni ya MAGE-A3. Seli zikaenda kushambulia moyo, kwa sababu moyo una protini inayofanana nayo. Wote wawili walifariki.

Babu_Mizizi
Nina dawa ya asili, njoo inbox.

Nesi_Mstaafu
Babu, tafadhali.

Mama_Swaumu
Mume wangu alitibiwa kwa BCG, ndiyo hiyohiyo chanjo ya kifua kikuu, lakini si kichupa cha kliniki ya watoto, msije mkadanganywa mtaani. Wakanada waliiandika tangu 1976. Inapitishwa kwa mpira hadi kibofuni, unabana saa mbili ndipo ukojoe. Mara moja kwa wiki, wiki sita. Haina haja ya kujua beji gani, inaamsha askari wote humo ndani. Alikuwa akiungua akikojoa na homa za jioni, na choo tulikuwa tunamwagia jiki. Ni kwa ambao kansa haijaingia kwenye msuli. Ulizeni mapema kama ipo, huwa inaadimika.

Binti_Kwimba
Majibu yametoka. Urothelia, daraja la juu (yaani kali), imepita ngozi ya ndani. Halafu wameandika "msuli haukuonekana kwenye kinyama". Kaka anasema hospitali imeharibu.

Nesi_Mstaafu
Hutokea. Ina maana hawawezi kusema kama imefika kwenye msuli au la. Atarudishwa theatre akwanguliwe tena, kwa kawaida ndani ya wiki mbili hadi sita. Msiruke hatua hiyo, hapo ndipo itajulikana ni BCG au kutoa kibofu. Muulizeni daktari tarehe leo hii.

Binti_Kwimba
Amepangiwa tarehe 14. Kaka nimemtumia uzi huu wote, kausoma, hajajibu. Dalali nimempigia mwenyewe.

Mama_Swaumu
Siku hiyo mpelekee kanga mbili na ndoo. Utanishukuru.