Wenye hoteli, mafunzo yenu ya kuchezea simu yametuchosha!!

Wadau, salaam aleikum. Jambo hili nimelimeza tangu mwezi wa nne, leo limenikaba kooni, wacha niliteme.

Mimi ni hauskipa. Hoteli gani sisemi, jueni tu ni ya ufuoni, huku kaskazini ya mji wa Mombasa. Shifti moja vyumba 14, na siku wageni wakitoka wengi ni 16. Mwenye kuijua kazi hii anajua mgongo unavyokuwa saa kumi jioni.

Basi wakaja vijana na kompyuta zao, jua la saa saba wamevaa koti, wakatwambia kuanzia leo mafunzo ya kazi yamekuwa mchezo. Unaweka programu kwenye simu yako, unajibu maswali, unapewa alama. Alama zikijaa unapata beji, beji zikijaa unapanda daraja: Kamba, halafu Pweza, halafu Papa. Wallahi mtu ana wajukuu wanne anaitwa Kamba! Kantini wametundika televisheni, pale juu ya birika la chai, majina yetu yote na picha. Wa kwanza ana taji. Watano wa mwisho wamepakwa wekundu. Unatafuna mandazi yako huku jina lako linawaka kama deni dukani.

Sasa nani alikuwa mkiani mwezi wa kwanza wa mchezo? Somo yetu. Bi huyu yuko kazini miaka 19. Mimi mwenyewe yeye ndiye aliyenifundisha kukunja pembe za shuka, na alinifundisha kwa kunikunjulia kila nilichokunja mpaka mikono ikashika. Juzi tumo chumbani pamoja, akapitisha kiganja kwenye godoro mara moja, akasimama. "Hapa pana maji." Mimi naona pakavu. Akasema AC inavuja ndani ya ukuta, muite fundi. Fundi akafungua, bomba linatiririka kweli. Mgeni angelala pale usiku ule, kesho yake ni malalamiko na kurudishiwa pesa. Alama alizopata Somo kwa hilo? Sufuri. Mchezo hauna mahali pa kuliandika.

Na simu yake ni kabambe, ile ndogo ya vitufe, haifungui hiyo programu. Supavaiza akamwambia, "Mama, tafuta hata mjukuu akusaidie." Akatii. Sasa mjukuu wa gredi ya sita ndiye anayejibu kwa simu ya mamake, na Somo amepanda hadi wa tisa. Mtoto ana beji ya Kuondoa Madoa, na kitanda chake mwenyewe hatandiki.

Si yeye peke yake. Siri ya maswali tumeshaijua wote: jibu refu kuliko mengine ndilo sahihi. Husomi, unapima kwa jicho. Jikoni kuna mmoja anatuma majibu kwenye grupu la WhatsApp na malipo yake ni sigara moja. Hayo ndiyo mafunzo wanayopelekea wakubwa ripoti kwamba "wafanyakazi wamechangamka".

Tena yote haya tunayafanya saa ngapi? Si kazini, kazini simu marufuku. Tunayafanya kwenye feri ya Likoni, umebanwa kati ya mkokoteni na baiskeli, kwa bando lako. Kuna alama ya moto inayowaka ukicheza kila siku, ukiruka siku moja unazima. Mimi nilikuwa na siku 41. Nikaenda Kwale matangani kwa mamangu mdogo, mtandao hakuna, nikarudi moto umezimwa na jina limeshuka. Mwezi uliofuata kwenye tathmini nikaulizwa mbona nimelegea katika kujiendeleza. Nilegee vipi, nilikuwa nazika!

Msinielewe vibaya, mchezo siuchukii. Mimi ni mtoto wa baraza, bao nimelichezea tangu kete zinanizidi mkono. Lakini bao hulijui kwa kupewa beji. Unalijua kwa kufungwa na mzee aliyekaa mbele yako, anakuonyesha shimo ulilopaswa kuanzia, na kesho unarudi kwa hiari yako. Huu wao kazi yake ni kututakatisha tu, tunazunguka mashimo 32 na hakuna kete tunayokula.

Wala hatukuanza sisi. Mwaka 2011 gazeti la Los Angeles Times liliandika habari za dobi wa hoteli za Disneyland kule Anaheim, Marekani. Waliwekewa skrini ukutani, majina na kasi ya kila mmoja, rangi ya kijani kwa anayefikia kiwango na nyekundu kwa anayechelewa. Wenyewe wakaiita mjeledi wa kielektroniki. Wengine walikuwa wanaogopa hata kwenda msalani. Mwaka uliofuata kampuni ya utafiti ya Gartner ikatabiri kwamba asilimia 80 ya mipango ya kugeuza kazi kuwa mchezo ingefeli ifikapo 2014, sababu kubwa ikiwa ni kusukwa vibaya. Hawa wetu wametuletea ile ile.

Kinachoniuma zaidi ni hiki. Tajiri hulipa NITA, ile mamlaka ya serikali ya mafunzo ya viwandani, shilingi 50 kwa kila mfanyakazi kila mwezi kwa ajili ya mafunzo, na akifundisha kwa utaratibu uliokubaliwa anaweza kudai arudishiwe gharama. Tumeomba mara mbili tupelekwe mtihani wa ufundi wa NITA, angalau wale wa zamani kama Somo, wapate cheti kinachotambulikana Diani, Malindi, popote. Jibu: bajeti hakuna. Ya televisheni ilipatikana. Mimi nikiacha kazi kesho, nitaingia hoteli nyingine niseme nini? Kwamba mimi ni Pweza?

Zawadi ya mshindi wa mwezi, msije mkadhani nimeficha, ni vocha ya simu ya shilingi 200. Bando la kuchezea mwezi mzima linazidi hiyo.

Nataka kujua kwa wenzangu wa Bamburi, Shanzu na Diani: kuna mahali mchezo huu umeingizwa kwenye tathmini ya mwaka na wafanyakazi wakakataa? Mlianzia kwa nani, chama au meneja? Na kuna aliyetia saini kwamba anakubali? Sisi hatukutia, tulipigwa picha tu.

NYONGEZA: Wanaoniuliza niko daraja gani. Papa. Nilipima majibu marefu kama wenzangu.