Mkate wa buku tisa pale Capri Point: nimpeleke mama au nisimpeleke?

Mtoto wa Nansio

Wakuu, habari za jioni.

Mama yangu anakuja wiki ijayo na meli kutoka Nansio, kisiwani Ukerewe, ana kliniki yake ya kisukari Bugando. Kila akija analala kwangu Buzuruga, tunakwenda hospitali, tunarudi, kesho yake anapanda meli. Safari hii nataka atoke kidogo, akae mahali penye upepo wa ziwa, anywe chai bila kuharakishwa na mtu. Mama ni mtu wa mkate. Tulipokuwa wadogo alikuwa akituokea mkate wa sufuria, moto juu moto chini, na wa kwake haujapata mshindani kijijini kwetu.

Sasa kuna bekari yenye mgahawa imefunguliwa upande wa Capri Point hapa Mwanza, mtindo wa Ulaya. Nilipita Jumamosi kuchungulia. Mikate imepangwa kwenye rafu za mbao bila mfuko wa plastiki, mikubwa, ya duara, imechanwa juu, rangi inakaribia weusi. Mmoja buku tisa! Dada wa kaunta alinikatia kipande nionje. Ganda gumu, ndani matundu na unyevunyevu, halafu kuna ukali kwa mbali, sukari hakuna kabisa. Palepale sikujua kama nimeupenda, lakini nilipofika nyumbani nikatamani kipande kingine.

Naomba kuuliza wanaojua: ile rangi ni ustadi au umeungua? Buku tisa nalipia nini hasa? Na mtu anayekaribia miaka sabini, meno yamepungua, ana sukari, nimwagizie nini pale? Kuna jamaa ameniambia mkate mchachu hauna shida yoyote kwa mwenye kisukari. Nataka kusikia kwa mtu mwenye uhakika.

Mvuvi wa Igombe

Mkuu, kwa nia njema kabisa nakushauri: hiyo buku tisa ongeza kidogo umpeleke mama soko la samaki la Mwaloni, achague sato mwenyewe akiwa bado mbichi, mchemshiwe na ndizi na ndimu. Mtu wa Ukerewe humridhishi kwa mkate mgumu. Upepo wa ziwa upo hata huko, na atakutana na watu wa nyumbani wawili watatu wapige soga.

Dada Mwokaji

Mdogo wangu Mtoto wa Nansio, nikupe ninachokijua. Nimeoka mikate ya aina hiyo miaka mingi, kwanza jikoni kwa masista, sasa kwenye bekari nyingine hapa mjini. Hiyo ya Capri Point si yetu, kwa hiyo sina biashara ninayoipigia debe.

Nianze na rangi. Haujaungua. Mkate ule unaingia kwenye oveni yenye joto la nyuzi 230 hadi 250, na mwanzoni tunamwaga maji kwenye trei ya moto humo ndani ili upande mvuke. Mvuke unaifanya ngozi ya unga ibaki laini, mkate upate nafasi ya kupanda kabla haujakauka. Ile michano ya juu inapigwa kwa wembe muda mfupi kabla ya kuingiza, mkate upasukie pale tunapotaka sisi, si ubavuni. Ukishapanda tunaufungulia mvuke utoke, na kuanzia hapo joto kavu linafanya kazi yake kwenye ganda: sukari na protini za unga zinageuka kahawia, na ladha kubwa ya mkate inazaliwa hapo. Ukiutoa ungali na rangi ya andazi, ganda litalegea kabla hujafika Buzuruga. Sisi tunaupindua na kuugonga chini kwa kifundo cha kidole. Ukitoa mlio wa kitu kilicho wazi ndani, umeiva. Mlio ukiwa mzito, unarudi motoni.

Kuhusu bei. Mkate wa slesi wa dukani unatiwa hamira ya kutosha, unakandwa kwa mashine, na ndani ya saa chache uko kwenye gari la kusambaza. Una kazi yake na watoto wengi wamekwenda shule nao, siudharau. Ule wa Capri Point, kama ni wa kweli, hauna hamira ya paketi. Unaumuliwa kwa chachu, yaani unga na maji vilivyoachwa vikachachuka vyenyewe. Humo wanaishi viumbe wa aina mbili: hamira ya asili inayotoa hewa, na bakteria wa jamii moja na wale wa mtindi, ambao ndio wametoa ule ukali uliouonja. Hawa wanataka kulishwa unga na maji kila siku, iwe Krismasi au Idi. Ni kama kibuyu cha maziwa kule usukumani: ukikitunza kinafanya kazi mwaka hadi mwaka, ukikitelekeza unaanza upya.

Na hapa kwetu Mwanza ndipo kazi inapokuwa kazi. Maelekezo mengi ya mikate hii yameandikwa kwa majiko yenye nyuzi 20 na kitu kidogo. Jiko langu mchana linapita 28 na oveni bado haijawashwa. Juu ya hilo, ziwa letu liko mita 1,134 kutoka usawa wa bahari, kwa hiyo mgandamizo wa hewa ni mdogo na unga unapanda haraka zaidi. Donge la unga ambalo kwenye majiko hayo lingepewa mchana mzima, hapa linapitiliza hujamaliza kuosha mabeseni. Ndiyo maana tunakanda jioni, kwa maji ya barafu na chachu kidogo. Hatulipigi sana, tunalikunja, tunaliacha, tunalikunja tena, mpaka unaona limekaza na ukilivuta linatanda bila kuchanika. Likishafinyangwa linalala kwenye kikapu ndani ya friji hadi saa kumi alfajiri. Ladha inajengeka usiku huo, kwenye ubaridi.

Umeme ukikatika usiku wa manane na jenereta ikakataa, asubuhi unakuta donge limelegea, ukiligeuza linatambaa mezani. Usiku wa namna hiyo sisi tunatandaza unga wote kwenye trei, tunautia mafuta, chumvi na vitunguu, tunauza mikate bapa. Inapendwa, lakini oda za watu zimekufa. Weka na unga wenyewe: tunataka ngano yenye nguvu ya kuvutika, na ngano nyingi inayosagwa nchini inatoka nje, kwa hiyo dola ikipanda na sisi tunapanda. Ukiunganisha usiku mzima wa friji, mafuta ya jenereta, mtu wa zamu na unga wa bei, buku tisa si wizi.

Wizi upo pale mtu anapotumia hamira ya paketi, anamiminia siki kidogo, anapaka unga juu na kuandika "mkate wa chachu". Wafaransa waliliona jambo la kuchezea jina mapema. Kanuni yao ya mwaka 1993 inasema mkate unaouzwa kama wa jadi wa Kifaransa usigandishwe hatua yoyote wala kutiwa viongezi. Msingi wake ni unga wa ngano, maji, chumvi, na hamira au chachu. Mwaka 1998 wakaongeza kwamba duka haliwezi kujiita bekari kama halikandi, haliumui na haliokei pale pale. Na mwaka 2022 UNESCO ikauingiza ufundi wa bageti, ule mkate wao mrefu mwembamba, kwenye orodha yake ya urithi wa binadamu. Wewe kinga yako ni kuuliza pale kaunta: mnachanganya hamira? Huu ulikandwa lini? Mwokaji anayejua kazi yake atafurahi umeuliza, na pengine atakuita jikoni uone.

Sasa mama. Aliyekwambia mkate mchachu hauna shida kwa mwenye sukari amekudanganya. Uchachukaji unapunguza kidogo kasi ya wanga kugeuka sukari kwenye damu, ila bado ni mkate na bado ni wanga. Waulize kama wana wa unga usiokobolewa au wa rai, nafaka ya nchi za baridi iliyo jirani ya ngano. Wakate slesi nyembamba, na aule pamoja na yai, samaki au supu ya mboga, asiule mtupu. Kiasi chake na dawa zake aulize kliniki, maana siku hiyohiyo mnakwenda Bugando. Ganda mwondolee wewe, halafu litumbukize kwenye supu. Likishalainika atalifurahia kuliko sehemu laini ya ndani.

Krosanti, kile kitafunwa cha tabaka za siagi, nunua moja, ule wewe, mama aonje pembe tu. Siagi inafungwa ndani ya unga, inasukumwa na kukunjwa mara tatu kila mara ikiwa mikunjo mitatu, mpaka zinapatikana tabaka 27 za siagi. Kwenye joto letu siagi inalegea upesi na tabaka zinashikana, hivyo kazi hiyo inafanyika kwenye chumba cha baridi au haifanyiki. Ikiwa nzuri, ukiikata katikati utaona vyumba vyumba, na vidole vitanukia siagi. Ikikuachia utando wa mafuta kwenye kaakaa, hiyo ni majarini.

Nesi Aliyerudi

Niongezee kwa niliyoyaona. Nilisoma na kufanya kazi Freiburg, Ujerumani, na chini ya ghorofa niliyoishi palikuwa na bekari ya familia. Saa kumi na mbili asubuhi wameshafungua, giza bado, theluji nje, watu wamepanga foleni. Hakuna kuvuta maneno: salamu, unataja mkate, unaulizwa ukatwe au ubaki mzima, unalipa. Unaweza kuomba nusu mkate, hata robo, na hakuna anayekuona mnyonge. Mtoto wa Nansio, uliza na hapo. Pengine huhitaji kulipa buku tisa yote.

Mkate wa rai nao usiogope uzito wake. Rai haina mvuto wa ngano, na bila uchachu ndani yake inakuwa utelezi wa gundi. Ndiyo maana wenzetu wa kaskazini wanaichachua. Slesi yake ni nyembamba, nyeusi, ina unyevu, hata mtu asiye na meno mengi anaimudu. Wazee wa kule wanaila jioni na siagi na jibini, bila kupika chochote, ndiyo chakula chao cha usiku.

Mvuvi wa Igombe, nakuheshimu kaka, lakini mzazi kuonja kitu kigeni uzeeni si kumkosea. Mama yangu alikunywa kapuchino yake ya kwanza akiwa na wajukuu na sasa ananidai kila nikipata mshahara. Kwenye kahawa, ulizeni imetoka wapi. Kagera iko hapo ng'ambo, Wahaya walikuwa wakitafuna buni na kukaribisha nazo wageni tangu enzi za mababu, na inaniuma kuona mgahawa uko ukingoni mwa ziwa hili halafu kahawa imekuja kwa ndege kutoka ughaibuni.

Mtoto wa Nansio

Wakuu, mbarikiwe. Tumekwenda leo baada ya kliniki. Daktari alimruhusu slesi mbili nyembamba badala ya wanga mwingine wa mlo huo, na sukari kwenye chai hakuna.

Walikuwa na mkate wa unga usiokobolewa, tukaomba nusu, wakakubali bila neno. Supu ilikuwa ya karoti na maboga. Mama aliishika slesi, akaiinua kwenye mwanga wa dirisha, akatazama matundu, akanusa, kisha akauliza, "Huyu aliyekanda yuko wapi?" Kijana akatoka jikoni na aproni yake ina unga, ni mtu wa Sengerema. Wakaongea muda mrefu kuliko tuliokaa kwa daktari! Mama anataka kujua kama mkate ule unaweza kuokwa kwa sufuria na mkaa. Kijana akamwambia inawezekana, akamfungia chachu kidogo kwenye kichupa.

Mvuvi, Mwaloni tulipita pia, sato tumenunua.

Dada Mwokaji, meli ni kesho na kipande kilichobaki ni kikubwa. Nakihifadhije? Na hiyo chachu itafika Nansio ikiwa hai?

Dada Mwokaji

Umenifurahisha sana mdogo wangu. Msalimie sana mama.

Mkate usiuweke kwenye friji. Ubaridi wa friji unaufanya wanga ukakamae haraka kuliko ukiuacha mezani. Ufunge kwa kitambaa safi cha pamba, upande uliokatwa ulalie ubao. Uchachu wake unachelewesha ukungu, kwa hiyo siku mbili tatu hautaharibika hata kwa joto la kwetu. Ukikauka, nyunyiza maji kwenye ganda, upashe kwenye sufuria iliyofunikwa, utarudi. Uliokauka kabisa mama autwange, achovye minofu ya sato kwenye yai kisha kwenye chenga hizo kabla ya kukaanga.

Chachu itafika salama, ila kifuniko kilegeze kidogo. Ikitoa hewa njiani kichupa kinaweza kupasuka. Akifika amwage nusu, aongeze unga na maji vilivyolingana uzito, aiache mpaka ipande. Na sufuria iwe ile nzito yenye mfuniko unaokaa vizuri, aipashe moto mkali kabla ya kuweka donge. Mvuke wa unga wenyewe utafungiwa humo na kufanya kazi ya trei yetu ya maji. Mkaa wa juu uwe mwingi kuliko wa chini, la sivyo kitako kitawahi kuungua. Akikwama aniandikie hapa kupitia kwako, na unitajie amepata unga wa aina gani, maana hapo ndipo nitakapoanzia.