Fyueli seli ya haidrojeni: volti zinashuka, ni maji yamezidi au membreni imekauka?

Mzalendo_Umeme: Wakuu habari zenu. Hapa chuoni tuna staki ndogo ya membreni (utando wa katikati ya kila seli), yaani seli 20 za kugeuza haidrojeni kuwa umeme zimepangwa pamoja, inapozwa na feni na kathodi (upande wa hewa) iko wazi inavuta hewa ya chumbani. Nikiweka mzigo wa ampia 8 inaanza na volti 13 hivi afu zinashuka taratibu, nikiongeza feni ndo zinazidi kushuka. Mmoja anasema maji yamejaa, mwingine anasema imekauka, sasa hii kitu si inatengeneza maji yenyewe, inakaukaje?

fundi_seli: Mkuu hiyo ni ukavu. Maji yakijaa volti zinarukaruka na utakuta seli moja mbili zimeanguka peke yake huku zingine ziko fresh, pima seli moja moja na malitimita utaona. Zikishuka zote pamoja polepole, membreni inakauka. Kwa ampia 8 seli 20 zinatoa kama gramu 54 tu za maji kwa saa, feni ikivuma sana hewa inayabeba yote. Punguza feni ila joto lisipande sana.

Mama_Kemia: Naongezea hapo. Maji yanatengenezwa kathodi lakini protoni zikivuka zinaburuta maji kutoka anodi (upande wa haidrojeni), kwahiyo anodi ndo inakauka kwanza, na Nafion, ile plastiki ya membreni, bila maji haipitishi protoni vizuri, ukinzani unapanda, joto linapanda, inakauka zaidi. Kinachookoa ni maji yanayorudi nyuma kupitia membreni, ikiwa nyembamba yanarudi kirahisi. Toyota kwenye gari lao la haidrojeni, Mirai ya 2014, walitumia membreni nyembamba na kuzungusha maji ya upande wa anodi, wakaondoa kabisa kifaa cha nje cha kuongeza unyevu. Mi naona ile ni kazi nzuri mno.

Mzalendo_Umeme: Asanteni sana, sasa nimeelewa. Na ile vali ya anodi ya kutolea gesi nje niifungue kila baada ya muda gani? Maana nikifungua zinapanda kidogo.

fundi_seli: Kupanda hapo sio lazima iwe maji mkuu, naitrojeni ya hewani nayo inapenya membreni inajikusanya anodi. Usiweke muda wa kukariri, angalia seli ya mwisho kwenye njia ya haidrojeni, ikianza kuachwa na wenzake fungua kidogo ufunge, ukifungua sana unapoteza gesi na unazidi kukausha. Na bomba la kutolea lipeleke nje ya jengo, haidrojeni isibaki chumbani.