Ushauri: mwenzangu asiyecheka, naye nimpe utani?

Kijana wa Langoni: Asalaam aleikum. Tuna igizo la dakika kumi, watu wawili, la kuchezwa hapa Lamu, uwanja wa Mkunguni mbele ya Ngome. Mimi ni baharia mjeuri. Mwenzangu ni abiria pale gatini Mokowe, ng'ambo ya bara, bwana harusi anayewahi nikaha. Analalamika kuwa vicheko vyote ni vyangu. Nimgawie?

Mwana Zidaka: Waaleikum salaam. Usimgawie. Weka kipande tukione.

Kijana wa Langoni:
Abiria: Nauli pesa ngapi?
Baharia: Ya kwenda au ya kufika?
Abiria: Ala! Wewe mtu wa ajabu, kwani kwenda na kufika kuna tofauti gani?
Baharia: Kwenda mia mbili. Kufika, majaliwa.

Mwana Zidaka: Ugonjwa uko mstari wa tatu. "Mtu wa ajabu" inawaonyesha watu pa kucheka kabla hawajapafika wenyewe. Abaki na maneno mawili: "Kuna tofauti?" Na aulize kama anayetaka kujua kweli, mkono uko mfukoni tayari kulipa. Akili yake iko msikitini, haiko kwenye kuchekesha. Kila jibu limle subira kidogo: aanze na adabu, aje ukali wa sauti, hasira yenyewe ingoje dakika ya nane. Akifoka dakika ya pili hana tena pa kupandia.

Nahodha Mstaafu: Usukani anao yeye, wewe ni tanga tu. Kicheko kikipanda, anyamaze. Kikianza kushuka, kabla hakijafa, atupe swali linalofuata. Akiwahi, swali linamezwa. Akichelewa, watu washaanza soga zao. Ukisema wewe, akutazame wewe, asitazame watu, maana macho yao hufuata ya kwake. Na pale uwanjani punda halii kwa miadi, kwa hiyo neno zito alirudie kwa mshangao: "Majaliwa?" Wa nyuma nao watalipata.

Bi Kizingitini: Asicheke hata akibanwa mbavu. Tazameni Vioja Mahakamani, kile kipindi cha vichekesho cha runinga ya Kenya: hakimu akiangua kicheko, mahakama hakuna tena, na mshtakiwa hana wa kumchezea. Ama huko kunung'unika, mwambie habari za Abbott na Costello, wachekeshaji wawili wa Marekani. Mwanzoni Abbott, yule mkavu asiyecheka, ndiye aliyechukua asilimia 60 ya malipo.

Kijana wa Langoni: Ahsanteni wakubwa zangu. Mstari nimeukata. Hiyo ya asilimia 60 sitamwambia.