Familia ya Chumbageni: futari ya Jumamosi

Shangazi Mwana, 08:12
Assalaam aleikum. Futari ya Jumamosi ni kwa Bibi, watu 40. Nataka majina ya wapishi kabla ya adhuhuri. Na nalisema mapema lisije likawa ugomvi jikoni: sukari mwaka huu inapimwa, haimiminwi kwa mkono.

Shangazi Mwana, 08:15
Hesabu ya mwaka jana ninayo. Chai lita 10, kilo moja ya sukari: gramu 25 kila kikombe, vijiko 6. Juisi ya ukwaju lita 10, kilo moja na nusu: gramu 37 na ushei kila glasi. Hapo mtu hajagusa tambi wala kaimati. Shirika la Afya Duniani linamtaka mtu mzima asipite kama gramu 50 kwa siku nzima, na akiweza ashuke hadi 25. Sisi tunapita kabla ya kwenda kuswali magharibi.

Shangazi Mwana, 11:40
Tiki za buluu nimeziona, 17. Majina sijaona hata moja.

Kaka Idi, 11:52
Shangazi, chai bila sukari ni maji ya moto yaliyofiwa 😂

Mama Nuru, 11:53
😂😂😂

Seif, 11:53
Idi jamani 😂

Shangazi Mwana, 11:55
Idi nimekuandika mkaa. Chai inapikwa bila sukari kabisa, tangawizi na iliki tele, bakuli la sukari linakaa mezani na kijiko cha chai. Kijiko kilichofutwa juu ni gramu 4. Cha mlima kinafika 6 hata 7. Vijiko vya kulia wali visionekane karibu na bakuli.
Ukwaju, nusu kilo kwa lita 10. Uchachu wake unaficha sukari, ndiyo maana mkono hauachi kumimina. Na onjeni kabla ya barafu kuingia, baridi nayo inapunguza utamu mdomoni, mtaona haijakolea mtaongeza tena.

Mama Nuru, 12:20
Kaimati ni zangu kama kawaida. Lakini mtu asinambie nifanye shira nyepesi. Sukari ukiipunguza ukaacha maji yaleyale, shira haishiki juu, inazama ndani, na baada ya nusu saa kaimati zimelegea zote. Kinachopunguzwa ni shira yenyewe, si uzito wake. Nusu kilo sukari, kikombe kimoja maji, iliki, na matone ya ndimu isigeuke chembechembe. Ichemke mpaka ivute uzi kati ya vidole viwili. Halafu naimwagia kijiko kwa kijiko huku nazirusharusha kwenye sufuria pana, sizizamishi.
Sufuria pana iko kwa nani, tunajua.

Seif, 12:24
Mama Nuru, hilo si lilikwisha tangu arusi?

Mama Nuru, 12:24
Lilikwisha kwenu.

Shangazi Mwana, 12:26
Sufuria itarudi. Tambi nani?

Zuhura, 13:05
Mimi tambi. Kwa nini tusitie asali badala ya sukari? Au sukari guru, si ya asili?

Salma, 13:31
Zuhura mdogo wangu, kwenye gramu 100 za asali karibu 80 ni sukari. Tena ni nzito, kijiko cha chai cha asali kina gramu 5 au 6 za sukari, zaidi ya kijiko kilekile cha sukari nyeupe. Sukari guru nayo karibu yote ni sukari ya miwa ileile. Mwilini havitofautiani sana. Ukitaka kupunguza, punguza kipimo, tambi zipate utamu wa zabibu na tui zito.
Lakini kuna kubwa kuliko tambi. Baba Mkubwa anafunga, na anameza glibenklamidi, dawa ya kisukari. Kidonge kile kinalazimisha kongosho kutoa insulini hata kama tumboni hamna kitu. Hatari yake ni alasiri, kabla ya futari.

Kaka Idi, 13:33
Baba Mkubwa na kaimati 11 za mwaka jana, sukari yake itashuka kwenda wapi 😂

Seif, 13:34
Zilikuwa 13

Kaka Idi, 13:34
Mbili alimpa paka

Salma, 13:40
Nisikilizeni. Apime sukari ya damu saa tisa na saa kumi na moja, kutoboa kidole hakuvunji saumu. Ikisoma chini ya 3.9 (mmol/L) anafungua palepale, hata kama adhana imebaki dakika tano. Ikipita 16.6 pia anafungua. Dalili za kushuka: jasho la baridi, kutetemeka, maneno kupotea. Dawa yake ni sukari vijiko 4 kwenye nusu glasi ya maji, anapima tena baada ya dakika 15, kisha anakula. Msimpe kaimati, mafuta yanachelewesha sukari kuingia kwenye damu. Akipoteza fahamu asitiwe chochote mdomoni, alazwe ubavu, hospitali. Na vidonge vya daku asivipunguze mwenyewe, aende kliniki kabla ya Jumamosi.

Shangazi Mwana, 14:02
Basi sukari yote tuiondoe kibarazani, ibaki jikoni chini ya mkono wangu.

Rehema, 16:47
Naandika maneno ya Bibi, nimemsomea yote:
"Siku ile Baba Mkubwa wenu alipoanguka mlangoni pangu mlikimbia kufunga kabati. Mlidhani imepanda, kumbe imeshuka. Sukari ya nyumba hii haifungiwi tena. Pimeni mtakavyo kwenye sufuria zenu, lakini kopo langu litakaa juu ya meza ya kibarazani, na kijiko chake ndani."

Shangazi Mwana, 17:10
Sawa, mama.

Kaka Idi, 17:11
Naam Bibi. Mkaa naleta Ijumaa.

Baba Mkubwa, 18:58
Nimesoma. Salma, nipigie baada ya tarawehe.

Shangazi Mwana, 19:30
Mashine ya kupimia nani anaileta? Na tazameni kichupa cha stripu, kikiachwa wazi zinavuta unyevu, namba inakuwa ya uongo. Juisi bado haina mtu.

Hamisi Muscat, 23:44
Wa aleikum salaam, ndiyo natoka kazini. Tende nimeshazituma na mtu, kilo 10, zile zilizotiwa shira anazopenda Bibi.

Shangazi Mwana, 23:45
Hamisi rudi juu usome.

Mama Nuru, 23:51
Na sufuria?