Msaada: mtoto anataka sherehe ya kuonja root beer, nianzie wapi?

BintiTanga:
Assalaam alaykum kwa wanaosalimiana hivyo, na wengine wote habari zenu.

Nipo Columbus, Ohio. Kijana wangu anatimiza miaka 12 mwezi ujao na safari hii hataki keki yenye picha ya mpira. Anataka kuwaita wenzake saba waonje root beer, ile soda ya Kimarekani yenye ladha ya mizizi na viungo, za aina aina, zile za viwanda vidogo, kila mtoto atoe alama na mshindi atangazwe. Wazo kalitoa kwa mjomba wa rafiki yake, mzee wa Kimarekani mwenye rafu nzima ya chupa tupu ukutani kama vikombe vya ubingwa.

Mimi sipingi, ila nimekwama. Baba yake ameliona jina tu akaniambia nihakikishe kwanza, kitu chenye "beer" hakivuki mlango wake hivihivi. Halafu mimi mwenyewe nilipewa moja kazini, ya kopo, nikaona nimenyweshwa dawa ya kuchulia misuli iliyotiwa gesi. Sasa nitachaguaje nzuri na mbaya wakati ulimi wangu unazikataa zote? Duka la karibu nalo lina zile mbili kubwa za kila mahali, basi. Nyingine nizipate wapi bila kumaliza mshahara? Na kuonja kwenyewe kunaendeshwaje, maana sitaki watoto wanane wapandwe na sukari sebuleni kwangu.

MzeeWaKariakoo:
Wanunulie Stoney Tangawizi, mchezo uishe.

BintiTanga:
Kaka, Stoney ataijua nani hapa? Kaomba root beer mtoto, si tangawizi.

ChupaYaKioo:
Shangazi, pua yako iko sawa kabisa. Harufu uliyoisikia ni ya mmea unaoitwa wintagrini, na kiini chake, methili salisilati, ndicho hichohicho kinachotiwa kwenye dawa za kuchua. Mmarekani amekutana nacho utotoni kwenye soda na peremende. Sisi tumekutana nacho goti lilipoteguka. Wengi wetu tunaitema mara ya kwanza, na hakuna ubaya.

Ila si zote ziko hivyo, na hapo ndipo mwanao ana akili. Zamani ladha kuu ilitoka kwenye gome la mizizi ya mti uitwao sasafrasi. Mwaka 1960 FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, ikapiga marufuku safroli, mafuta yaliyomo kwenye mizizi hiyo, kwa kuwa yalionekana kuwapa panya wa maabara saratani ya ini. Tangu hapo kila kiwanda kinajitafutia njia: mmoja anazidisha vanila, mwingine wintagrini, mwingine anaingiza urukususu, mdalasini, karafuu, asali au molasi. Ukiweka kola mbili mezani utapata kazi kuzitenganisha. Root beer mbili zinaweza kuwa vinywaji viwili visivyojuana.

Kwa ulimi wako anza na zenye vanila na asali. Sprecher ya Milwaukee ndiyo ningekupa kwanza. Kiwanda kilianza mwaka 1985, wanapika kwenye birika kubwa la moto wa gesi na wanatia asali mbichi ya Wisconsin. Ni nzito, ina povu zuri, na ile harufu ya dawa imerudi nyuma. Ukiizoea hiyo, nenda Virgil's. Hiyo ina urukususu, karafuu, mdalasini, kungumanga, ni viungo ambavyo mtu wa Unguja atavitaja kabla hajasoma lebo. Kuna watu wataniambia Virgil's ni kali mno kwa watoto. Waacheni watoto waamue.

Kuhusu pombe, kwa upande wa utengenezaji tu: soda za kawaida za aina hii hazichachushwi. Ni maji, sukari, vionjo, na gesi inayosukumwa kwa mashine. Hukumu yake waachie wanaojua.

JiraniUstadh:
Dada, mimi si mufti, ila nitakwambia ninachofanya nyumbani kwangu.

Nasoma lebo. Kinywaji chenye kileo hapa Marekani mara nyingi huandikwa asilimia yake, na chini ya nusu asilimia sheria yao inakihesabu kuwa si kileo. Kwa hiyo angalia mambo mawili. Kwanza, ukiona neno "hard" kwenye chupa, yaani ina kileo, irudishe ulipoitoa. Pili, zile za kutengeneza nyumbani au za kwenye vibanda vya barabarani, kama wanazouza Waamish, wale Wakristo wanaoishi kizamani, kule Lancaster, Pennsylvania, mara nyingi gesi yake inatokana na hamira. Hapo kuna uchachu wa kweli, kama togwa iliyolala. Hizo ziache. Wengine pia huuliza vionjo vya vanila vimeyeyushwa kwenye nini. Kama mzee wa nyumba ni wa kuchunguza hivyo, mpelekee imamu wenu swali hilo mapema, msije mkaanza kujadiliana wageni wako mlangoni.

ChupaYaKioo:
Naongezea kidogo, maana mzee wa nyumba atafurahi kujua hayuko peke yake. Aliyeieneza root beer ni mfamasia wa Philadelphia, Charles Hires, aliyeipeleka kwenye maonyesho makubwa ya mwaka 1876. Yeye mwenyewe alikuwa mpinga pombe, aliiuza kama mbadala wa bia, pakiti kavu ambayo mtu anakwenda kuipika kwake. Hata hivyo mwaka 1895 umoja wa wanawake Wakristo wa kupinga ulevi ukaisusia, kwa sababu ileile ya mume wako: jina, na hamira iliyokuwa ikitumika enzi hizo. Miaka mitatu baadaye ikapimwa maabara, ikaonekana kileo chake kinalingana na cha nusu mkate. Wakaacha kuisusia.

BintiTanga:
Nimemsomea baba watoto hii ya nusu mkate, amecheka. Nadhani tumepita hapo, ila imamu tutamuuliza hata hivyo.

Sasa dukani. Jana nimeona moja kwenye friji ya supamaketi, chupa ya kizamani nzuri, imeandikwa Not Your Father's Root Beer. Hiyo vipi?

JiraniUstadh:
HIYO NDIYO NILIYOISEMA. Hiyo ina asilimia 5.9 ya kileo, ni bia kamili. Kuna waliotoka nayo dukani wakidhani ni soda, kwa sababu ladha inafanana sana. Angalia pia imewekwa upande gani wa friji. Keshia akikuomba kitambulisho, jibu umelipata.

MamaLowell:
Salamu kutoka Massachusetts. Mimi ni Mkenya, watoto wangu wamekulia hapa. Ushauri mmoja tu: mtu asije akakuuzia soda iitwayo Moxie akakwambia ni ya familia hiyohiyo. Ilianzia hapa hapa Lowell kama dawa, inatiwa mzizi wa jentiani, na uchungu wake si mchezo. Watu wazima wa huku wanaipenda sana. Mtoto wa miaka 12 atalia.

Kivu_hadi_Maine:
Jambo mama. Mimi niko Portland, Maine, Wakongo ni wengi huku. Huku tuna mbili za kwetu: Maine Root, wanatumia sukari ya miwa ya biashara ya haki, na Capt'n Eli's ya watu wa kiwanda cha Shipyard. Capt'n Eli's ni laini, haina makali, wale wanaosema "inanuka dawa" hiyo wanaimaliza. Sijui kama inafika Ohio, ila Maine Root inasafiri sana, hata mikahawa ya mbali inayo.

Usiagize kwa posta wakati huu wa baridi. Chupa zikiganda njiani zinapasuka, na kioo ni kizito, usafirishaji unaweza kuzidi bei ya kinywaji.

Mjukuu_wa_Ohio:
Mimi niko Cincinnati, saa mbili hivi kutoka kwako, na nashangaa hakuna aliyesema Jungle Jim's. Iko Fairfield. Ni duka la vyakula vya dunia nzima, kubwa kiasi kwamba mtu anapoteza familia yake humo ndani, na soda za chupa zimejaa rafu. Unaokota mojamoja, hulazimiki kununua kreti. Chukua mwanao, achague mwenyewe, hiyo tayari ni nusu ya zawadi.

Kama safari ni ndefu, jaribu World Market, nao huwa na soda za chupa za kioo. Cracker Barrel, ule mkahawa wa barabara kuu, upande wake wa duka una soda za kizamani. Kuna pia Rocket Fizz, maduka ya peremende na soda, angalia kama kuna tawi karibu. Kwenye supamaketi nyingi za Kroger utapata root beer za IBC na Virgil's.

Na mama, uko kwenye nchi yenyewe! Root beer ya Stewart's ilianza Mansfield mwaka 1924, ikianzishwa na mwalimu wa shule aliyetaka kuongeza kipato. Frostop ilianza Springfield mwaka 1926. Miji yote miwili iko karibu na Columbus. Weka angalau moja ya Ohio mezani, watoto wana uzalendo wao.

BintiTanga:
Mwalimu wa shule na kazi ya pembeni, basi hapo nimejisikia nyumbani kabisa. Ahsante, Jungle Jim's tutakwenda Jumamosi. Sasa niambieni ninunue ngapi na niwape vipi.

DadaMinneapolis:
Hili niachieni mimi, kanisani kwetu vijana hufanya.

Aina sita, usizidishe. Baada ya hapo ulimi umechoka na wanatoa alama kwa lebo tu. Kikombe kidogo, mililita 40 kila mtoto. Watoto wanane mara 40 ni 320, na chupa ya kawaida ni 355, kwa hiyo chupa moja ya kila aina inatosha na wewe unabaki na tone la kuonja. Kila mtoto atakuwa amekunywa 240 tu jumla, chini ya kopo moja. Kopo moja la soda hizi lina sukari gramu 40 na zaidi, sawa na vijiko kumi vya chai, kwa hiyo usiwaachie chupa mezani wajimiminie.

Zipoze zote sawasawa kwenye friji tangu usiku. Usitie barafu, inazimua. Mimina jikoni, vikombe viwe na namba, lebo wasizione mpaka mwisho. Katikati ya sita hizo ingiza ile ya kopo ya dukani kwenu bila kusema. Hapo ndipo kelele zinapotokea, kwa sababu mara nyingine inashinda na wajuaji wanaona haya.

Panga kutoka laini kwenda kali, maana ukianza na yenye wintagrini nyingi hakuna atakayesikia vanila ya inayofuata. Wawe na maji na biskuti zisizo na chumvi za kusafishia kinywa. Kwenye karatasi ya alama weka mambo manne: povu, harufu, ladha ya kwanza, na inayobaki baada ya kumeza. Ya nne ndiyo inayotenganisha ya sukari ya miwa na ya sharubati ya mahindi, ya mahindi inaganda ulimini. Mtakaobisha, bisheni.

Kama ungekuwa huku Minnesota ningekutafutia root beer iitwayo 1919, inatengenezwa na kiwanda cha bia cha August Schell cha New Ulm, jina ni la mwaka ambao marekebisho ya katiba ya kupiga marufuku pombe yaliidhinishwa. Ila hiyo huwa ya bomba, utaifuata mgahawani.

ChupaYaKioo:
Nabisha. Povu halina uhusiano na ubora, wengi wanatia dondoo ya mimea ya yuka au kwilaya ili litoke jingi. Likitoka jingi mtoto atatoa kumi bure.

DadaMinneapolis:
Kaka, ni sherehe ya mtoto. Povu ndilo wanalolipenda.

ChupaYaKioo:
Haya, nimenyoosha mikono. Ila root beer ya Barq's kama mnaiweka iwe mchana, ile ya kawaida ina kafeini, tofauti na nyingi ya wenzake.

BintiTanga:
Orodha yangu basi: Capt'n Eli's nikiipata, la sivyo Maine Root. Halafu Sprecher, Stewart's kwa ajili ya Ohio, IBC, ya kopo kwa siri, na Virgil's mwisho. Barq's nimeiacha, wazazi wa wenzake sitaki maneno nao. Mimi nitaonja Sprecher nione kama goti litaacha kunikumbuka.

Swali la mwisho. Aiskrimu ya kuchanganya na root beer mnaitia wakati gani? Mtoto ameng'ang'ania.

DadaMinneapolis:
Baada ya karatasi zote kukusanywa, si kabla, maziwa yanaziba ulimi. Aiskrimu ya vanila kwanza kwenye glasi ndefu, halafu umimine ile iliyoshinda polepole ubavuni, itafura. Kwa hiyo ukiwa Jungle Jim's ongeza chupa mbili tatu za kila moja unayodhani itashinda, hii ya mwisho inakula nyingi.

Mjukuu_wa_Ohio:
Na nunua opena. Nyingi za hizi kifuniko hakizungushwi kwa mkono.