Nimefundisha kwamba tumbawe ni jiwe, mwanafunzi kanikosoa. Nisaidieni

Mwalimu wa Zamu
Wakuu, habari zenu. Jana nikiwa darasani nilisema samaki hujificha kwenye mawe yanayoitwa matumbawe. Binti mmoja akanyoosha mkono: "Mwalimu, tumbawe ni mnyama." Nikamwambia akae, mnyama gani hana mdomo? Usiku nikasoma, kumbe yeye ndiye yuko sahihi. Kesho nina kipindi tena. Nianzie wapi? Na huyo mnyama asiyesogea anakula nini?

KasaMzee
Anza kwa kumwomba radhi binti mbele ya wenzake. Mdomo anao, tena ndilo tundu lake pekee: chakula kinaingilia hapo na taka zinatokea hapo hapo. Jiwe unaloliona ni nyumba ya chokaa. Wenye nyumba ni polipu, vinyama laini, wengi wao wa milimita chache tu, maelfu kwa maelfu wameungana. Aina nyingi hunyoosha minyiri (vimikono laini vinavyozunguka mdomo) usiku, zikachoma kwa sumu na kudaka vijidudu vinavyopita na maji.

Fundi wa Nyavu
Sawa mzee, ila huo uwindaji ni kitoweo tu. Chakula chenyewe kinatoka kwa mpangaji: mwani wa seli moja unaoishi ndani ya mwili wa polipu. Unatengeneza sukari kwa mwanga wa jua, na unaweza kumpa mwenye nyumba hadi asilimia 90 ya nguvu anazohitaji. Kodi gani nzuri hivyo! Naye anaupa makao, hewa ya ukaa na mbolea ya taka zake. Maji yakizidi joto lake la kawaida la kiangazi kwa nyuzi 1 tu, wiki kadhaa mfululizo, mpangaji anatolewa na tumbawe linabaki jeupe. Hapo halijafa. Lina njaa.

Mwalimu wa Zamu
Duh. Na samaki pono anayeguguna matumbawe, ni adui?

KasaMzee
Hapana, mara nyingi anakwangua mwani wa juu ya mwamba. Chokaa anayomeza anaisaga kooni, inatoka nyuma ikiwa mchanga mweupe. Mla tumbawe hasa ni kiti cha pweza, yule mnyama wa bahari mwenye umbo la nyota, wa aina yenye miiba: anatoa tumbo lake nje kupitia mdomoni, analifunika tumbawe na kulimeng'enya papo hapo.

Fundi wa Nyavu
Mwalimu, beba soksi. Chana ukingo wake vipande vipande: hiyo ni minyiri, tundu katikati, na chini hakuna pa kutokea.

Mwalimu wa Zamu
Ninayo moja iliyopotelewa na mwenzake. Natafuta mkasi.